Mkwe Kabla ya Posa

Jumatatu, 9 Juni

Kumekucha salama. Upepo kidogo, vumbi la karasha zinazosaga mawe ya dhahabu kama kawaida. Nimeweka meza yangu kwenye baraza la duka la Mohsin, nikafuta kiti, nikapanga kalamu. Mteja wa kwanza alitaka barua ya kumshtaki shemeji yake. Nikamwandikia kwa Kiingereza, ili shemeji aogope zaidi.

Mimi ndiye mwandishi wa barua za Kiingereza hapa Rwamgasa. Hakuna mwingine. Yupo Mwita, mwalimu wa sekondari, lakini yeye anafundisha tu, haandiki. Tofauti ni kubwa sana.

Leo Violeth amevuka barabara kuja mezani kwangu. Violeth! Mwenye hoteli iliyo mkabala na baraza. Nilisimama haraka mpaka kiti kikaanguka. Akasema kuna kampuni ya wageni imepiga kambi nje ya mji, wale wanaotoboa miamba kutafuta dhahabu, na inatafuta mtu wa kuwapikia wafanyakazi wake. Bosi wa kambi ni mama wa Kizungu, Kiswahili chake kinaishia kwenye asante. Atakuja mwenyewe hotelini Alhamisi ya wiki ijayo, aonje chakula na amhoji Violeth kwa Kiingereza.

Kisha akasema lililo zito. Wachimbaji wengi wamehamia machimbo mapya, na meza zake zimebaki na nzi. Asipopata tenda hii anafunga hoteli na kurudi Chato kwa kaka yake, akauze samaki. Aliposema Chato niliinua kiti changu, nikakaa.

Nampenda Violeth. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Nimempenda tangu alipofungua ile hoteli, na sijamwambia. Nilikuwa nasubiri wakati mzuri. Sasa umekuja wenyewe kwa miguu yake! Nitamfundisha, atapata tenda, atashukuru, na yaliyobaki yatajipanga.

Aliniuliza kama aende pia kwa Mwita. Nikamwambia Kiingereza cha Mwita ni cha chumba cha mtihani, kikitoka nje kinapata mafua. Akacheka. Sikumbuki barua ya mchana ilihusu nini.

Jumanne, 10 Juni

Somo la kwanza. Kiingereza cha Violeth si kibaya hata kidogo. Majina ya vitu anayajua, ya vyakula na hata ya mambo yasiyoshikika, kama "reason" na "interest". Shida yake ni vile vineno vidogo vinavyofuata nyuma ya jina. Kila mahali anaweka "of". Reason of, interest of, solution of. Nikamuuliza kwa nini. Akasema Kiswahili kinajitosheleza na ya, wa na za, kwa hiyo naye alitafuta kimoja cha Kiingereza kinachofanya kazi zote, akakiona hicho.

Sikumcheka. Mimi mwenyewe niliishi hivyo miaka mingi.

Nikafungua kamusi. Kamusi yangu inaanzia herufi G. Kurasa za mwanzo zilifungia karanga kabla sijainunua. Kwa maneno ya A mpaka F natumia busara.

Jioni, nikiwa nakula maharage pale pale hotelini, wazo likanijia mpaka nikaacha kijiko. Maneno yameolewa! Kila jina lina mume wake. Reason kaolewa na "for". Interest kaolewa na "in". Solution kaolewa na "to". Usiulize kwa nini. Ng'ombe walishatolewa, wazee walishakula, wewe mgeni huwezi kuja leo kuhoji. Kazi yako ni kujua nani mke wa nani, usije ukamtaja na mwanamume mwingine mbele za watu. Na "of" je? Huyo ni tajiri wa ng'ombe. Ana wake kila kijiji, ni kweli, lakini si wote!

Nikamweleza Violeth. Aliinua mwiko kutoka kwenye sufuria. Halafu akasema mbona hili linaingia akilini. Akaanza kuyataja huku akisonga ugali, na yote yalikuwa sahihi. Mbuke, mpishi wake, mama mtu mzima ambaye hajawahi kupendezwa na jambo langu lolote, naye akayataja kwa kuimba. Nimerudi nyumbani sijui nilipita njia gani.

Alhamisi, 12 Juni

Darasa limekua bila mimi kualika mtu. Wachimbaji wanaosubiri wali wao wanavuta viti na kusikiliza. Leo tulijaa.

Hapo ndipo matatizo yalipoanzia. Mzee Mayala, mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, kule chini na mwenye wake wawili, alinyoosha mkono akauliza huyu "of" anagawaje siku zake. Nikasema hilo halipo kwenye mtaala. Kijana mmoja akauliza kuhusu "demand". Demand iko kwenye zile kurasa za karanga. Nikatumia busara, nikamwozesha "with". Mwita alikuwa amekaa kona anakula. Akasema, bila hata kuinua kichwa kutoka kwenye sahani, kwamba demand ni ya "for". Nikamwambia labda kwao Tarime ndivyo wanavyooana. Watu wakacheka sana. Mwita naye alicheka, jambo ambalo halikuniridhisha.

Mohsin alivuka barabara kusikiliza kelele ni za nini. Akauliza kama maneno haya yana talaka. Nikasema awaulize wenyewe Waingereza.

Mzee Mayala hakutulia. Kama huyu "for" kamwoa reason, kamwoa respect, na sasa kamwoa demand, basi je, hawa ni dada? Na kama ni dada, mahari ya wa pili ilipunguzwa? Mwingine akasema haiwezekani, huo ni ukoo tofauti. Mwingine akadai yeye akiwa mjomba wa respect asingekubali. Wakasimama. Kila mmoja akawa mshenga wa neno lake. Wali ukaungua.

Violeth alikasirika. Akasema huu ni mtihani wake, si kikao cha ukoo, na mimi mwalimu nimesimama nacheka. Kweli nilikuwa nacheka. Hata hivyo nimeona jambo moja, sufuria lake la nyama leo lilikwisha mapema, na hilo hakulilalamikia.

Jumamosi, 14 Juni

Habari nzito! Mama yake Violeth anakuja kesho kwa basi kutoka Chato. Anakuja kumsaidia kupika siku ya yule bosi, na analeta sato wabichi wa ziwani. Violeth alinieleza kama jambo la kawaida, huku akimenya vitunguu.

Kwangu si la kawaida. Huyo ni mama mkwe!

Kwetu Usukumani mambo haya yana utaratibu wake. Mkwe hakutani na mama wa mke wake uso kwa uso. Ukimwona njiani unaingia porini mpaka apite. Humpi mkono. Huli mbele yake. Anapoingia mlango huu, wewe unatokea ule. Hiyo ndiyo heshima, na kadiri unavyokimbia ndivyo unavyosifiwa. Vijana wa siku hizi wameacha, wanakaa na mama wakwe sebuleni wakitazama tamthilia. Mimi sikulelewa hivyo.

Ni kweli sijaposa. Nimelifikiria hilo kwa utulivu. Lakini anayeanza heshima mapema ataonekana ana nia. Mama atauliza huyu mwanamume mwenye malezi mazuri ni nani. Violeth ataelewa. Wote wawili wataelewa, nami sitakuwa nimefungua mdomo! Kusema kweli sehemu ya kufungua mdomo ndiyo iliyokuwa ikininyima raha siku zote.

Mpango umekamilika. Nimepiga pasi suruali.

Jumapili, 15 Juni

Amefika. Mama mfupi, kajaa, kanga mbili, ndoo ya samaki kichwani na sauti ya kuita ng'ombe kutoka mlima wa pili. Aliposhuka basi alikuja moja kwa moja kwenye baraza kuulizia hoteli ya Violeth. Nikaweka kalamu chini. Nikaingia dukani, nikapita stoo, nikatokea nyuma. Safi kabisa! Sikuangusha kitu.

Nikachungulia kwenye ufa. Mwita alikuwa pale akinunua vocha. Masikini Mwita! Akampa shikamoo. Akapokea marahaba. Akampa mkono! Kisha akatwaa ndoo akambebea mpaka hotelini, wakipiga soga kama watu waliosoma pamoja. Yaani amejiondoa mwenyewe kwenye kinyang'anyiro, na hana habari. Nilicheka mpaka nikajiegemeza kwenye magunia ya simenti. Mohsin akaja kuuliza nacheka na nani huku stoo. Nikamwambia ni mambo ya mila. Akasema mila au si mila, nisichane magunia.

Jumatatu, 16 Juni

Nimemkimbia mara tatu leo. Sokoni nilijificha nyuma ya tenga la nyanya. Barabarani nilizunguka lori la mawe mpaka likaondoka, nikabaki wazi, nikainama kama ninayefunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Mara ya tatu ilikuwa ngumu. Nilikuwa hotelini nakula, mama akatokea jikoni ghafla. Nikaondoka na sahani. Mbuke akanifuata mpaka stendi kuidai.

Sasa masomo yana shida kidogo, maana siwezi kuingia hotelini. Nimeamua kumtuma Mbuke. Ninamtajia ndoa za siku hiyo, yeye anamfikishia Violeth. Jioni Violeth akaleta jibu kwa njia hiyo hiyo. Aliuliza kwa nini interest aliyekuwa na "in" juzi, leo ameletwa na "on". Nikamwambia Mbuke amwambie huo ni mchepuko, asiutambue. Mbuke akasema yeye ana samaki wa kuparua, na kwamba nina miguu.

Jumatano, 18 Juni

Pigo. Mohsin amenipa habari huku akipima misumari. Mama alimfuata dukani jana akamuuliza kama yule mwanamume wa barazani anatafutwa na polisi. Kila akimwona anakimbia. Kwao Chato mtu wa namna hiyo huwa ameiba kuku. Amemwambia Violeth aviangalie vijiko vyake.

Mwizi! Mimi! Nilikaa nimeshika tama asubuhi nzima. Niliumia kwelikweli.

Aliyeniokoa ni Mzee Mayala, na sijui kama nimshukuru. Alimsikia mama akilalamika hotelini. Akamtuliza kwa kicheko. Akamwambia, "Hapana mama, yule si mwizi. Anakukimbia kama mkwe!"

Ilipofika saa saba soko zima lilikuwa na habari. Violeth alikwenda kununua vitunguu, wanawake wakampigia vigelegele. Muuza dagaa akamuuliza mbona ameolewa kimyakimya, hata pilau hawakuliona. Akavuka barabara kuja kwangu na upawa mkononi. Akauliza nimewaambia nini watu. Nikamjibu ukweli mtupu, sijamwambia mtu yeyote jambo lolote.

Hasira ilimshuka usoni nikiiona. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Pantaleo, una jambo la kuniambia?"

Ndiyo! Wakati wenyewe! Nikavuta pumzi. Nikatazama nyuma ya bega lake. Mama alikuwa anavuka barabara anakuja upande wetu. Ningefanya nini? Nikaruka ukuta wa baraza.

Nimechubuka goti. Hakuna kilichovunjika.

Alhamisi, 19 Juni

Siku yenyewe. Asubuhi Mbuke alileta ujumbe. Violeth amesema upuuzi wangu wote umewekwa pembeni kwa leo. Anataka nikae karibu naye, akikwama kwenye Kiingereza nimnong'oneze. Mama ameombwa abaki jikoni mpaka wageni waondoke. Nikavaa shati jeupe. Nikamtazama Violeth akipanga vikombe, akivipangua, akivipanga tena. Kwa mara ya kwanza nilisahau mipango yangu yote, nikatamani tu apate.

Bosi akaja. Mrefu, buti zina vumbi, kofia ameishika mkononi. Dereva wake akasimama mlangoni akauziba wote. Bosi akaketi, akala wali, akala mchicha, akauliza. Violeth akajibu kwamba ana "interest in" kazi hii. In! Nikaitikia kwa kichwa polepole kama mzazi kwenye mahafali. Akaeleza "the reason for" kuwa na majiko mawili. Safi! Akasema hapa mjini kuna "demand for" chakula kisafi. For. Si with. Kumbe alikwenda kwa Mwita! Iliniingia kama mwiba, lakini nikanyamaza, kwa sababu bosi alikuwa anaandika na uso wake ulikuwa mzuri.

Likaja swali refu. Nilidaka mvua, nikadaka barabara, nikadaka maji. Violeth akakwama. Akanigeukia. Macho yake yaliniomba. Jibu nilikuwa nalo! Nikainama kumnong'oneza.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mama, na sinia la sato.

Nilitazama mlango wa mbele. Dereva. Nilitazama dirisha. Nondo. Miguu iliamua yenyewe, nikaingia chini ya meza.

Meza ile si ndefu. Mgongo wangu uliiinua. Bakuli la mchuzi likateleza, nikasikia likimwagika juu ya makaratasi ya bosi. Nikaona buti mbili na viatu vya Violeth na miguu ya mama mkwe, vyote vimesimama.

Nikafikiri basi, nimemwaga hoteli yake pamoja na mchuzi. Nikaona Chato. Nikaona banda la samaki. Nilitaka kulia, nasema wazi.

Bosi akauliza jambo. Hata bila kamusi nilijua anauliza huyu mtu anafanya nini pale chini. Violeth akajibu peke yake. Hakuna aliyemnong'oneza. Akasema asijali, mtu huyu ana "great respect for my mother". For! Kisha akaongeza, "And a fear of her." Fear iko kwenye zile kurasa za karanga. Nikamwachia Mungu.

Bosi akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, dereva akamletea maji. Akataka kujua zaidi. Na Violeth akamweleza yote, jinsi mkwe anavyoingia porini, jinsi asivyotoa mkono, jinsi ng'ombe wanavyohusika. Maneno yalimtoka kama anaongea na Mbuke. Hakutafuta hata moja. Halafu lile swali refu likarudi, naye akalijibu kana kwamba halikuwahi kumtisha, ana "a solution to" shida ya maji, matangi mawili nyuma ya nyumba, na kuni anaweka za kutosha kabla ya masika.

Mwishoni bosi akamuuliza kama huyu wa chini ya meza ni mume wake.

Violeth akasema, "No. He has not asked."

Sentensi fupi. Hakuna kineno chochote nyuma yake. Niliielewa yote.

Ijumaa, 20 Juni

Amepata tenda! Dereva ameleta habari asubuhi. Bosi amesema chakula ni kizuri na kwamba hajawahi kucheka hivyo tangu aje. Violeth habanduki Rwamgasa. Mbuke alipiga kigelegele mpaka kuku wa Mohsin wakatawanyika. Mwita alikuja kumpongeza, akanipongeza na mimi, akasema ule mfano wa ndoa angependa kuutumia shuleni. Nikamwambia nitafikiria.

Mchana mama mkwe akanitumia Mbuke. Anarudi Chato kesho, kwa hiyo ametoa chaguo. Ama niende mbele yake, nimpe mkono, nimwamkie kama mtu yeyote, na soko zima lione kwamba mimi si kitu kwake. Ama niendelee kukimbia, lakini basi nilete ng'ombe, kwa sababu hajaja Rwamgasa kukimbiwa bure.

Nilikaa na hilo muda mrefu. Nikimpa mkono, nimempoteza Violeth. Nikikimbia, ng'ombe. Mimi nina baiskeli.

Nikapata njia ya tatu. Nikazunguka nyuma ya jiko lao, nikasimama kwenye ukuta wa mabati, nikasema kwa sauti, "Shikamoo mama!"

Sufuria likafunikwa. Halafu, "Marahaba, mwanangu."

Nilifurahi sana. Lakini hakuishia hapo. Akaniambia, kwa sauti ya chini kuliko nilivyodhani anaweza, kwamba binti yake ana masikio, na kwamba baina yangu na binti yake hakuna mwiko wowote. Heshima kwa mama ameiona, imetosha. Sasa nimtafute mwenyewe.

Kisha Violeth akatokea pembeni ya ukuta, anajifuta mikono. Hakucheka. Akasema Jumapili baada ya ibada atafunga hoteli kidogo. Atapika chai. Niende peke yangu, niseme nilicho nacho kwa mdomo, kwa Kiingereza au Kiswahili au Kisukuma, yeye hajali. Nikienda, atasikiliza, na si ajabu jibu likanifurahisha. Nisipokwenda, yaishe, tutabaki majirani wema, na nisimkimbie tena ndugu yake hata mmoja.

Nikasema nitakuja. Nimesema hivyo kwa mdomo wangu!

Jumapili, 22 Juni

Asubuhi tulivu. Nimeoga, nimenyoa, shati jeupe limefuliwa doa la mchuzi likabaki kidogo tu. Maneno ya kumwambia Violeth nimeyapanga kichwani, ni machache na mazuri. Niliyasema mara kadhaa mbele ya kioo na hayakunikwama. Baada ya ibada nikatoka nyumbani kwa hatua za mtu mwenye hakika.

Barazani nikamkuta Mzee Mayala na kundi la vijana wa maduarani. Wakasimama wote kunisalimu. "Mwangaluka, mwalimu!" Mwalimu! Mzee Mayala akanieleza shida yao. Tangu Alhamisi sifa zangu zimefika mpaka machimbo mapya. Mtu anayejua ndoa za maneno, anayejua ukwe kuliko wazee. Hawa vijana wanapenda wasichana, lakini wakifika mbele yao midomo inakufa. Wanaomba somo. Leo leo, kwa sababu kesho wanaingia shimoni.

Nikatazama ng'ambo. Mlango wa hoteli ulikuwa wazi nusu. Meza moja imetandikwa kitambaa, birika juu yake, vikombe viwili. Violeth ameketi, gauni la kanisani. Amependeza, sina neno la kuandika. Nikampungia mkono kumjulisha kwamba nimemwona.

Lakini vijana walikuwa wamekwisha kaa. Na ni nani mwingine Rwamgasa angewasaidia? Somo fupi tu. Tena itampendeza Violeth kuona mtu wake anavyotegemewa na jamii.

Nikaanza. Pointi ya kwanza, usicheleweshe! Anayempenda mtu amwambie siku ile ile, kwa maneno yake mwenyewe, asipitie kwa mama wala kwa mpishi. Wakaandika. Hata wapita njia wakasimama. Mwita alikuwa amekuja akakaa nyuma kabisa, daftari gotini. Mwita, mwanafunzi wangu! Nikarudia pointi ya kwanza kwa ajili yake, kwa sauti zaidi. Akafunga daftari, akasimama, akajipangusa suruali, akavuka barabara. Hana nidhamu. Hakungoja hata pointi ya pili.

Nikaendelea. Pointi ya pili, mavazi. Makofi. Pointi ya tatu ilikuwa ujasiri, na hiyo ndiyo niliyokuwa nimeiandaa vizuri kuliko zote. Katikati yake Mbuke akaja akanivuta mkono wa shati. Akasema Violeth anauliza kwa mara ya mwisho kama ninakuja, maana chai inapoa, na Mwalimu Mwita amekwisha vuta kiti.

Huwezi kukata somo kwenye ujasiri. Nikamwambia Mbuke amwambie aipashe moto, na huyo Mwita asimmiminie zaidi ya kikombe kimoja.